Meli Haipiti Nyamira

Siku Mama Trevor aliponiambia kwamba mimi ni wa familia, nilijua likizo yangu imekwenda na maji.

Ilikuwa Ijumaa, ambayo huku Qatar ndiyo siku ya mapumziko na ya ibada, tumetoka kanisani, na chapati zilikuwa mezani. Mama Trevor akasukuma sahani kando, akafungua laptop, akaniita nije nione. Nikaona meli nyeupe ya ghorofa kumi na sita. Juu yake wamechimba bwawa la kuogelea, kana kwamba bahari yote iliyo chini haiwatoshi.

"Spring break tunaenda Caribbean," akasema. "Tunaruka mpaka Miami, halafu siku saba kwa meli. Na wewe auntie unaenda na sisi. Gharama yote ni yetu. Wewe ni wa familia."

Spring break ni likizo ya shule ya Kimarekani anayosoma Trevor. Wanasema ni majira ya maua kuchipuka. Hapa Al Wukair, nje ya Doha, mwezi wa tatu kinachochipuka ni vumbi, na ninalijua vizuri kwa sababu ni mimi ninayelifuta madirishani asubuhi na jioni.

"Mama Trevor," nikasema, "hizo si ndizo siku za likizo yangu?"

"Na hii ni nini sasa?" Akacheka. "Kuna watu wanauza shamba ndiyo waende hiyo meli."

Mumewe, Ndirangu, hakuinua macho kutoka kwenye chapati. Yeye ni injinia kwenye kampuni ya gesi, ofisi yake iko West Bay, ghorofa ya thelathini na kitu. Kazini huko anaamuru watu mia mbili. Nyumbani anaamuru rimoti.

Mama Trevor akanionyesha vyumba. Chao kilikuwa na kibaraza kinachotazama bahari. Changu, pamoja na Trevor wa miaka sita na Cheryl wa miaka mitatu, kilikuwa katikati ya meli na hakikuwa na dirisha. "Lakini kina TV," akasema. Hapo nikaelewa ni familia ya aina gani.

Naitwa Nyaboke. Nilitoka Nyamira kwenda Doha mwaka wa 2012 kufanya kazi za nyumba hii, nikamwacha binti yangu Velma kwa dada yangu Kwamboka, akiwa na miaka tisa. Mkataba ulisema miaka miwili, kisha mwezi mmoja nyumbani. Miaka miwili ilipotimia, Cheryl alikuwa bado mdogo, nikaombwa nivumilie kidogo. Nikavumilia. Miezi sita baadaye, nimeshanunua na sanduku, mama yake Mama Trevor akaja kututembelea, akakaa mpaka alipochoka na joto. Nikavumilia tena. Sasa ilikuwa mapema 2016, Velma alikuwa na miaka kumi na miwili, na mwaka uliopita alivunja ungo mimi nikiwa jikoni Al Wukair nikimenya viazi. Kwamboka alinipigia akacheka, akasema mtoto amekuwa mkubwa. Nilicheka naye. Kisha nikaenda bafuni nikafungua maji ya bomba ili nisisikike nikilia.

Kwa hiyo likizo ya Aprili haikuwa mapumziko. Shule ya bweni ya Velma inafunga Aprili, na nilikuwa nimemwambia Velma kwa kinywa changu kwamba siku ya kufunga nitakuwa langoni.

Alipokuwa nyumbani kwa mapumziko mafupi ya katikati ya muhula, nilimpigia kwa simu ya Kwamboka. Nilimweleza polepole, nikaanzia mbali, nikataja mabwawa na visiwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, hiyo meli inapita Nyamira?"

"Haipiti."

"Basi safari njema," akasema, na kumrudishia Kwamboka simu.

Watu walidhani nimechanganyikiwa. Emily, rafiki yangu wa kanisani anayetandika vitanda kwenye hoteli moja kule West Bay, alinishika mkono nje ya ibada akanitazama kama anayenipima homa.

"Nyaboke, umeomoka, bahati imekuangukia, halafu unanuna? Mimi nikipewa hiyo nafasi naenda hata na miguu."

"Unaenda kufanya nini?"

"Kuona dunia!"

"Mimi naenda kufua chupi za watu juu ya maji badala ya nchi kavu. Dunia ya chumba bila dirisha utaiona kwa TV, na hata hapa Doha TV iko."

Alicheka, lakini akaacha kucheka nilipomtajia Velma. Yeye pia ana wawili Kakamega.

Mtu atauliza kwa nini sikukataa siku ileile. Ningekataa na nini? Pasipoti yangu ilikuwa kwenye kabati la Mama Trevor, lenye namba za siri, pamoja na dhahabu zake. Na hata ningekuwa nayo, mtu hatoki Qatar bila kibali cha kafili wake, yaani yule aliyemleta. Sisi wafanyakazi tunakiita exit. Kafili asipokitoa, uwanja wa ndege unauona kwa nje tu.

Kilichoniokoa ni kwamba watu hawa wawili, kwa kusoma kwao kote, hawana heshima kwa karatasi. Wamezoea fomu za kujaza ili mambo yapite. Ajenti wa safari aliwaambia kwamba visa ya Marekani ya mfanyakazi wa nyumbani inahitaji mkataba wa kazi uliosainiwa. Ndirangu akatafuta mfano mtandaoni, akabadilisha majina, akachapa nakala tatu. Aliutia saini akiwa amesimama, kikombe cha chai mkono wa pili.

"Saini hapa, auntie," akasema. "Ni ya ubalozi tu."

Nakala yangu niliisoma nikipiga pasi. Nilimaliza kidato cha nne, na Kiingereza nilipata B, jambo ambalo katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuuliza. Mkataba ulisema nafanya kazi saa nane kwa siku. Ulisema siku moja ya wiki ni yangu. Ulisema kila mwaka nina siku thelathini za likizo, mwajiri analipa tiketi ya kwenda nyumbani na kurudi, na pasipoti yangu inakaa nami wakati wote. Nilirudia kuusoma mpaka shati la Ndirangu likaungua kwenye kola. Nililikunja vizuri, lililoungua likaingia ndani, nikaliweka chini kabisa ya rundo.

Siku ya mahojiano Mama Trevor alinifundisha majibu njia nzima.

"Unafanya saa ngapi?"

"Nane."

"Pasipoti inakaa wapi?"

"Kwangu."

"Ijumaa?"

"Napumzika."

"Vizuri. Usiongeze maneno, usituangushe. Tumelipa tayari."

Alinipa pasipoti mlangoni pa ubalozi. Nikaifungua. Kwenye picha nilikuwa mwembamba, nimesukwa mistari ambayo Velma mwenyewe alinisaidia kuifumua wiki ile ile, akiwa amekaa nyuma yangu juu ya kiti.

Walipoita jina langu tulisimama wawili. Mama aliyekuwa nyuma ya kioo akasema mwajiri arudi akakae, anataka kuongea na mimi peke yangu. Mama Trevor akatabasamu, akabaki pale pale. Yule mama akasubiri, kalamu imetulia, mpaka Mama Trevor akarudi akaketi.

Maswali yakaja na majibu niliyafahamu. Saa nane. Kwangu. Napumzika. Nilikuwa nikijichukia kwa jinsi yalivyonitoka laini. Kisha akaufunika mkataba kwa kiganja, akaniuliza, "Wewe mwenyewe, unataka kwenda safari hii?"

Swali hilo halikuwa kwenye orodha. Na si kwamba Mama Trevor alilisahau. Halikuwahi kumpitia akilini, wala kwa miaka mitatu na nusu hakuna mtu Doha aliyewahi kuniuliza ninataka nini, isipokuwa muuza samaki. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa karo ya Velma, niliogopa gari litakalonirudisha nyumbani na sura nitakayoikuta ndani yake.

"Hapana," nikasema.

"Hapana?"

"Sitaki. Nina mtoto nyumbani. Hii ni likizo yangu ya kumwona. Na pasipoti hii nimepewa leo hapo mlangoni."

Aliandika kwa muda mrefu. Akaniuliza kama niko salama, nikasema niko salama, nina hasira tu. Akanipa kijitabu kidogo chenye namba za simu, akasema visa hatanipa, na akapitisha pasipoti chini ya kioo. Niliishika kwa mikono miwili.

Mama Trevor alijua kwamba pasipoti ikirudishwa papo hapo visa imekataliwa, lakini alisubiri mpaka tuko garini, milango imefungwa.

"Kwa nini wamekunyima?"

"Waliniuliza kama nataka kwenda. Nikasema sitaki."

Hakupiga kelele. Alikaa na usukani mkononi, gari halijawashwa, joto likitupanda, kisha akanyoosha kiganja bila kunitazama. "Lete pasipoti."

"Mkataba unasema inakaa kwangu."

"Mkataba ulikuwa wa visa, Nyaboke."

Miaka mitatu na nusu nimekuwa auntie. Jina langu alilikumbuka siku hiyo.

"Saini ni ya nani?" nikauliza.

Akawasha gari. Njia nzima pasipoti ilikuwa kifuani, chini ya blauzi, na kila gari liliporuka tuta niliisikia ikinichoma kwa kona yake.

Jioni nikawakuta sebuleni wote wawili, nikasimama mbele ya TV. Nikawaambia kuanzia kesho nafuata mkataba. Naanza saa kumi na moja na nusu alfajiri, namaliza saa saba na nusu mchana. Watoto siwezi kuwaacha peke yao, kwa hiyo nitakaa nao mpaka mzazi mmoja arudi, hilo ni la ubinadamu. Lakini jiko nitalifunga.

"Unatutisha?" akauliza Mama Trevor.

"Nawapa ratiba."

"Utachoka mwenyewe," akasema. Ndirangu akabadilisha chaneli, ingawa nilikuwa nimeiziba TV.

Siku ya kwanza walinunua kuku wa kukaanga. Ya pili, Mama Trevor akapika wali, nusu mbichi, nusu umeungua, na akaula wote kwa kiburi. Ya tatu Trevor alienda shule na soksi za rangi mbili. Nguo zilizofuliwa zilijaa kwenye sofa mpaka hakuna pa kukaa, na masanduku manne ya safari yalifunguliwa sakafuni, hayana kitu, kwa sababu hakuna aliyejua nguo za kuogelea za watoto ziko wapi. Nilijua mimi. Ziko kwenye pipa la bluu, chini ya kitanda cha Cheryl. Sikuulizwa, sikusema.

Si kwamba ilikuwa rahisi. Kila mchana saa saba na nusu mikono yangu ilienda yenyewe kwenye sinki nikairudisha. Siku ya nne Cheryl alinililia nimpikie uji, nikakaa naye sakafuni nikimpa ndizi na maziwa. Nilijiona mkatili. Lakini kila nilipotaka kulegea niliisikia ile "safari njema".

Mama Trevor alijaribu njia zote. Alinikumbusha blanketi alizompelekea mama yangu. Akaniambia nimemharibia likizo ya kwanza ya maisha yake, na hapo sauti ilimkatika, nikaona kwamba hadanganyi: na yeye alikuwa amechoka kazini, na yeye alitaka kibaraza na bahari. Nilimwonea huruma. Huruma haikunifanya nipike.

Mwisho akasema, "Ukienda, usirudi. Nitatafuta mwingine. Velma wako atasomeshwa na nini?"

Hilo lilinipata penyewe. Nililala nalo, nikaamka nalo. Asubuhi nilimwambia, "Kama kazi itaisha, iishe. Nitasukuma mkokoteni wa ndizi. Lakini Aprili nitakuwa langoni."

Siku ya sita, saa kumi za jioni, Ndirangu alibisha mlango wa chumba changu. Chumba changu kiko nyuma ya jiko, karibu na mashine ya kufulia, na miaka yote hiyo hakuwahi kufika pale. Alisimama na shati, lile la kola iliyoungua.

"Hii ilitokeaje?"

"Nilikuwa nasoma mkataba wako."

Akalitazama shati. Akaegemea mlango. Alionekana mtu aliyekula tambi za pakiti siku tatu mfululizo, na ndivyo ilivyokuwa.

"Unataka nini hasa, Nyaboke?"

"Exit na tiketi. Siku mtakayosafiri nyinyi, nami nisafiri. Nyinyi meli, mimi nyumbani. Siku thelathini."

"Unajua Mama Trevor atasema..."

"Baba Trevor," nikamkatiza, kwa adabu lakini nikamkatiza, "Mama Trevor si kafili wangu. Jina lililo kwenye ikama yangu ya ukaazi ni lako. Aliyesaini ni wewe. Miaka yote hii ukiulizwa unasema niongee na mama. Leo naongea na wewe."

Mashine ya kufulia ilikuwa imejaa nguo zilizolowa tangu juzi, na zilianza kunuka hata yeye akazisikia.

"Huyo mtoto ana miaka mingapi?" akauliza.

"Kumi na miwili. Nilimwacha na tisa."

Alihesabu kwa macho. Trevor alikuwa na miaka sita, na ukitoa mitatu, ni Cheryl. Sijui kama ndicho alichokihesabu. Akatoa simu mfukoni, akakaa kwenye kitanda changu bila kuomba ruhusa, akaanza kubonyeza. Mambo yote ya serikali siku hizi yako kwenye simu. Kilichokuwa kimenifunga miaka mitatu na nusu kilimchukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

"Imeingia," akasema. Akaniuliza, sauti ya chini, "Nguo za kuogelea ziko wapi?"

Nikamwambia.

Tulienda uwanja wa ndege kwa gari moja, siku hiyo ya mwisho wa Machi, saa tatu asubuhi. Mama Trevor alikaa mbele na miwani ya jua. Aliposhuka alinikumbatia kwa sababu watoto walikuwa wanatazama, kisha akanishika kidogo zaidi ya ilivyohitajika, na sikuelewa ni hasira au ni nini. Hakusema kama nirudi au nisirudi. Sikuuliza. Trevor aliuliza kwa nini auntie anaenda foleni nyingine.

"Auntie anaenda kwa mtoto wake," baba yake akamwambia.

Trevor akanigeukia, mdomo wazi. "Una mtoto?"

Nilikuwa nimemwogesha, nimemlisha na kumlaza tangu ana miaka miwili.

Askari wa uhamiaji alipitisha pasipoti kwenye mashine, akatazama kioo cha kompyuta, akanitazama. "Ijaza?" akauliza. Ndivyo wanavyoiita likizo.

"Ijaza," nikasema, na nikaongeza kwa Kiswahili ambacho hakukijua, "yangu."

Siku ya shule kufunga nilifika langoni kabla ya mlinzi kulifungua. Velma alitoka na sanduku la bati kichwani, mrefu, na kifua. Alinipita hatua mbili kabla hajasimama. Hakukimbia. Alitua sanduku, akanipa mkono kama anavyopewa mgeni, na mkono ule nikaushika nikakataa kuuachia mpaka uso wake ukavunjika.

Kesho yake asubuhi, nikiwa na chai uani kwa Kwamboka, nilifungua simu. Ujumbe ulikuwa umeingia usiku, huko kwao ikiwa jioni, kutoka kwa Mama Trevor. Picha ya bahari kutoka kibarazani. Chini yake: "Trevor amekataa kulala tangu tupande. Cheryl pia. Hatujatoka chumbani. Huwa unawaambia nini wakienda kulala? Tafadhali."

Nilijua huwa nawaambia nini. Ni kisa cha ng'ombe wa Nyamira aliyekuwa na wivu, na Trevor lazima ashike sikio langu mpaka mwisho. Nilianza kuandika. Nilifika kwenye ng'ombe.

Velma alitoka ndani, macho mazito ya usingizi, akakaa karibu nami kwenye benchi, lakini si karibu sana.

"Jana usiku ulilala?" nikamwuliza.

"Nalala tu," akasema. "Nilizoea."

Hakuna mtu aliyewahi kuniandikia kutoka mahali popote kuniuliza Velma huwa anaambiwa nini akienda kulala. Nikafuta ng'ombe, herufi kwa herufi, nikaandika maneno mawili: "Niko likizo." Nikatuma. Nikazima simu, nikaiweka chini ya benchi, nikamwambia binti yangu asogee.